Barua kwa Rehema, kabla hujaanza utafiti wako

Tanga, 9 Machi

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Nilipomwambia Mama kwamba umepata nafasi ya shahada ya uzamivu, tena kuhusu watu walioumia ubongo, alipiga vigelegele hadi jirani akaja kuuliza nani anaolewa. Hongera sana, ndugu yangu.

Umeniandikia kwamba utatafsiri vipimo vya utambuzi, yaani vya kupima kumbukumbu, lugha na kufikiri, kutoka Kiingereza, kisha uwapime majeruhi wa pikipiki. Hapo ndipo nataka tuzungumze, maana wiki nzima nimekuwa nikisoma maisha ya Alexander Luria.

Alizaliwa Kazan, Urusi, mwaka 1902. Mwaka 1931 na 1932, akiwa mwanasaikolojia kijana, alikwenda vijiji vya Uzbekistan kuchunguza namna watu wasiosoma wanavyofikiri. Aliwauliza: kaskazini ya mbali kwenye theluji, dubu wote ni weupe, Novaya Zemlya iko kaskazini ya mbali, je, dubu wa huko wana rangi gani? Baadhi yao wakajibu kwamba hawajafika huko, aulizwe aliyewaona. Luria aliona hapo upungufu wa shule. Mimi nilimsikia babu yangu, ambaye hata barazani hakukubali kusemea jambo asiloliona kwa macho yake.

Baadaye akasomea udaktari, na vita vilipoingia nchini mwao mwaka 1941 akaanzisha hospitali ya askari waliojeruhiwa ubongo, huko milima ya Ural. Wakati wa vita hivyo alikutana na Zasetsky, kijana wa miaka 23 aliyepigwa risasi upande wa kushoto wa kichwa Machi 1943. Upande wa kulia wa kila kitu ulimtoweka machoni. Kusoma kukapotea. Kuandika nako, kwani akitafuta herufi moja moja hazikuja, mpaka siku alipoambiwa aache kufikiria herufi, aandike neno zima bila kunyanyua kalamu. Mkono ukaandika! Tangu hapo aliandika kurasa zipatazo 3,000, ingawa kuzisoma mwenyewe kulimtesa. Luria alimfuatilia zaidi ya miaka 25. Hilo ndilo ninalompendea: hakuridhika na alama za siku moja.

Sasa sikiliza. Zasetsky alishindwa kutofautisha "kaka wa baba" na "baba wa kaka". Maneno aliyajua, ila kinachoyaunganisha ndicho kilichokatika. Nikasema nijaribu kwa kijana ninayemhudumia, dereva wa bodaboda aliyeanguka mwaka jana. Nikamuuliza kaka wa baba ni nani. "Baba mdogo," akajibu papo hapo. Nilikaribia kuandika kwamba yuko sawa. Kumbe hakufumbua kitu. Neno hilo analo tangu anajifunza kusema. Nikageuza: nikisema mwalimu wa mtoto, nimemtaja mwalimu au mtoto? Akanyamaza. Akasugua kovu juu ya sikio, akarudia maneno yale kwa sauti ya chini mara tatu, jasho likamtoka. Nikaweka kalamu na ufunguo mezani, nikamwambia aonyeshe ufunguo kwa kalamu. Akagusa ufunguo, kisha kalamu, akanitazama kuona kama amepatia.

Mkewe alikuwa kwenye benchi, akaanza kulia. Hospitali iliwaruhusu ikisema amepona, na kweli kidonda kilifunga. Miezi minane aliamini mumewe anamdharau: anamtuma dukani hiki, analeta kile, akimkumbusha, hasira, usiku hali chakula, anajifungia chumbani. Hakuna aliyewahi kuwaeleza kwamba jeraha la ubongo huweza kuleta hasira na huzuni ya namna ile. Rehema, nakuomba huyu mama awemo kwenye utafiti wako. Usimpime mgonjwa ukamwacha anayeishi naye.

Na vipimo usivitafsiri ukiwa mezani Dar es Salaam. Njoo Tanga kabla hujaandika pendekezo lako, tukae nao tuyasikie maneno wanayotumia, ndipo tuunde maswali yetu. Kulala ni kwetu, Mama hataki kusikia habari za gesti.

Yule kijana nilimsimulia habari za Zasetsky, naye ameanza kuandika. Mistari miwili, mitatu kwa siku, mingine siielewi. Ukija mletee daftari kubwa la kaunta, la kwake limebaki kurasa nne.

Ndimi dada yako,
Mwanahamisi