Ghorofa mpya za Kariakoo zitengewe chumba cha kliniki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mijadala miwili inayotugawa wakazi wa Kariakoo, jijini Dar es Salaam. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, mijadala hiyo huwekwa kama ajenda mbili zisizojuana. Wa kwanza ni wa chanjo za watoto, ambao huletwa na mhudumu wa afya ngazi ya jamii na kuishia kwenye mawaidha kwa akina mama. Wa pili ni wa ujenzi wa maghorofa, ambao hupandisha sauti za watu hadi mwenyekiti anafunga kikao kabla hatujafika kwenye mengineyo. Kwa maoni yangu, namna tunavyoujenga mji inawakosesha watoto chanjo kuliko ukaidi wa wazazi wao, na kwa hiyo swali la chanjo lingefaa kuulizwa pia kwa maofisa wa mipango miji.

Wanaoijua Kariakoo ya zamani wanazikumbuka nyumba za vyumba sita, ukumbi katikati na uani nyuma, ambamo kaya kadhaa zilipanga pamoja na watoto walilelewa na kila mtu mzima aliyekuwepo. Nyumba hizo zimekuwa zikiondoka moja baada ya nyingine kwa miaka mingi. Mwenye kiwanja hana mtaji na mwenye mtaji hana kiwanja, wanaandikishana mkataba, na baada ya muda panasimama jengo lenye maduka chini, stoo katikati na vyumba vichache vya kuishi juu kabisa, ambavyo kodi yake mpangaji wa zamani haiwezi. Mpangaji huyo sasa yuko Mbagala, Chanika au Kivule. Malalamiko yanayotolewa kuhusu ujenzi huu nayaunga mkono karibu yote, kwani baada ya jengo kuporomoka hapa kwetu tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu zaidi ya 20, hakuna mwenye haki ya kumwita mchochezi mkazi anayetaka kujua ni nani aliyekagua uchimbaji wa chini ya jengo la jirani yake.

Hata hivyo, mpangaji aliyehama hakuacha kuja Kariakoo. Anakuja kila siku, kwa sababu riziki yake iko hapa. Mama lishe, muuza mitumba na msichana wa duka wanapanda daladala alfajiri, baadhi yao wakiwa na watoto wachanga mgongoni, na wanaporudi jioni zahanati ya huko wanakoishi imekwisha kufungwa. Matokeo yake ni kwamba mchana Kariakoo imejaa watoto ambao hawamo katika hesabu ya wakazi wake, na huko pembezoni wamo watoto walioandikishwa ambao hawaonekani siku za kliniki. Ratiba ya chanjo yenyewe haina simile, kwa maana mtoto anatakiwa akizaliwa, kisha akiwa na wiki 6, wiki 10, wiki 14, miezi 9 na miezi 18. Ile ya miezi 18 ndiyo inayosahaulika zaidi, maana mtoto anaonekana mzima, mama amekwisha kurudi kwenye biashara na kadi ya kliniki imewekwa chini kabisa ya sanduku.

Yapo pia mambo ya ndani ya kliniki ambayo mzazi haelezwi. Chanjo ya surua na rubella huja ikiwa unga mkavu ndani ya kichupa cha dozi 10, na muuguzi akishauchanganya na maji yake haudumu zaidi ya saa 6, baada ya hapo masalia hutupwa. Binti wa jirani yangu alifika kwenye zahanati moja na mwanawe wa miezi 9 siku ambayo watoto walikuwa wachache, akaambiwa arudi siku nyingine wakiwa wengi ili dawa isipotee. Aliporudi alikuwa amekosa biashara ya siku mbili badala ya moja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, lakini muuguzi anayeogopa kuulizwa kuhusu dozi zilizomwagwa ataendelea kuwarudisha wazazi, hasa katika maeneo kama yetu ambako watoto wanaoishi hapohapo ni wachache. Mama huyo akikata tamaa, kwenye mkutano ataitwa mzembe.

Sisemi kwamba wenye shaka na chanjo hawapo. Wapo, na sauti zao ni kubwa. Nimemsikia mzee wa heshima akisema kwamba sindano hizi huleta ugumba, akapigiwa makofi. Mpango wa taifa wa chanjo ulianza mwaka 1975, mwaka uleule lilipofunguliwa soko letu kuu lililobuniwa na msanifu Beda Amuli, na waliochanjwa miaka hiyo sasa wana wajukuu, tena baadhi yao walikuwa miongoni mwa waliopiga makofi. Lakini Serikali nayo isijifanye haina mkono katika shaka hii. Januari 2021 wananchi walimsikia Rais wa wakati huo akizitilia shaka hadharani chanjo za Uviko-19, na Julai ya mwaka huohuo wakamwona Rais Samia Suluhu Hassan akichanjwa mbele ya kamera. Mwananchi aliyeyasikia yote mawili ndani ya miezi 6 bila kupewa maelezo ya kutosha, akahamishia mashaka yake kwenye chanjo ya surua iliyotumika nchini kwa miongo mingi, anastahili kujibiwa kwa hoja. Kumkejeli hakutampeleka kliniki.

Pamoja na hayo, siungi mkono wanaosema kwamba kumchanja mtoto ni hiari ya kila nyumba na jirani hayamhusu. Penye watu wasio na kinga, mgonjwa mmoja wa surua anaweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18, na virusi vyake hubaki hewani hadi saa 2 baada ya yeye kuondoka. Ndiyo sababu wataalamu wanataka angalau watoto 95 katika kila 100 wawe wamepata dozi zote mbili, ile ya miezi 9 na ile ya miezi 18. Mtoto wa miezi 5 bado hajafikia umri wa kupata chanjo hiyo, na kinga aliyorithi kwa mama yake inazidi kupungua, kwa hiyo usalama wake uko mikononi mwa watu waliomzunguka. Sasa fikiria watu hao wamebanana kwenye lifti, kwenye ngazi zisizo na dirisha na kwenye maduka ya chini ya ardhi ambako hewa haizunguki. Mji tunaoujenga unahitaji chanjo kuliko ule tulioubomoa.

Nitaambiwa kwamba hospitali ya Mnazi Mmoja iko jirani. Ni kweli, iko jirani kwa mtu mwenye nafasi. Kwa mwanamke aliyepanga bidhaa zake kando ya Mtaa wa Kongo na asiye na wa kumwachia, hata mwendo mfupi una gharama yake. Anachohitaji ni chumba kimoja ndani ya eneo la biashara, chenye maji, muuguzi na jokofu linalotunza nyuzi joto 2 hadi 8 hata umeme ukikatika, na kinachofanya kazi hadi jioni na siku za Jumamosi. Kama mwaka 2025 Kariakoo ilizinduliwa kuwa eneo la biashara ya saa 24, sioni kwa nini huduma ya mtoto ifungwe alasiri. Chanjo zenyewe hutolewa bure, na halmashauri hukusanya kwa wafanyabiashara ushuru wa huduma unaotokana na mauzo, kwa hiyo mshahara wa muuguzi mmoja na fundi wa jokofu hauwezi kuwa ndio mzigo uliotushinda.

Ninachopendekeza ni kwamba kibali cha ujenzi wa jengo kubwa la biashara kiwe na sharti la kutenga chumba cha aina hiyo, ama ndani ya jengo lenyewe, ama kwa kuchangia kile kitakachokuwa karibu zaidi. Wenye majengo watalalamika kwamba fremu ya chini ina thamani kubwa mno kupewa kliniki. Basi na iwe ghorofa ya kwanza, mradi isiwe kule juu ambako lifti haifanyi kazi.

Kwa mkutano ujao namwomba mtendaji wa kata aje na orodha ya vibali vilivyotolewa kwa mwaka uliopita pamoja na idadi ya watoto waliopata dozi ya miezi 18 katika vituo vya eneo letu, na ajenda zote mbili zijadiliwe kwa pamoja, diwani akiwepo.

Wako,
Mkazi wa Kariakoo,
Dar es Salaam