Dada wa duka la dawa, asante

Dada wa duka la dawa pale Ngara, jina lako sikuuliza. Ulinikuta nanunua metformini, vidonge vya kisukari, mwaka wa pili, suruali imekazwa kwa kamba, sukari ya damu imepanda hadi 19. Kliniki walikuwa wakinilaumu kwa chapati (nilishaziacha zamani!). Wewe ukaniangalia: “Kaka, dawa unameza, mbona unazidi kukonda? Waombe wakupime kingamwili za GAD na C-peptidi.” Ukaniandikia vipimo hivyo viwili vya damu nyuma ya risiti, kimoja cha kinga ya mwili, kingine cha insulini ambayo mwili bado unatengeneza, foleni ikinung’unika.

Nikapimwa. Kumbe kinga ya mwili wangu yenyewe ndiyo iliyokuwa ikishambulia kongosho, polepole, ukubwani. Sasa nadunga insulini, na ule mshipi wa zamani umeanza kunitosha. Nimerudi kukutafuta mara mbili. Wanasema ulihamishwa tawi. Risiti bado ninayo kwenye pochi.