Mheshimiwa Waziri, pesa za harambee zisitangulie visa

Kwa Waziri wa Mashauri ya Kigeni na Diaspora, Nairobi

Mheshimiwa,

Mimi ni mwalimu wa shule ya upili katika Kaunti ya Bungoma. Nakuandikia kwa niaba ya vijana wetu wanaoomba visa ya masomo ya Ujerumani. Sikuuandikia ubalozi kwa sababu wizara yako ndiyo inayozungumza na Berlin, na tayari tuna mkataba wa uhamiaji uliotiwa saini huko tarehe 13 Septemba 2024 mbele ya Rais Ruto na Kansela Scholz. Tangu siku hiyo tumesikia mengi kuhusu ajira. Habari za wanafunzi tumezisikia kidogo sana.

Ujerumani inawavuta vijana hawa kwa sababu inayoeleweka. Vyuo vikuu vingi vya umma kule havitozi karo, isipokuwa katika maeneo kama jimbo la Baden-Württemberg, ambako mwanafunzi anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya hulipa euro 1,500 kwa muhula. Mzazi ambaye amehangaika na mfumo mpya wa kufadhili vyuo vikuu vyetu tangu 2023 akisikia hivyo, lazima aulize njia.

Njia inapitia kwenye akaunti maalumu ambayo wanafunzi wote wanaijua kwa jina la Sperrkonto. Tangu Septemba 2024 mwombaji anatakiwa kuweka humo euro 11,904, yaani zaidi ya shilingi milioni moja na nusu. Akishafika Ujerumani hutolewa euro 992 kila mwezi za kujikimu. Si karo hiyo, wala hakuna anayemnyang'anya. Lakini pesa zote zinatakiwa ziwemo kabla visa haijatolewa, na hapo ndipo penye shida.

Wapo wanaoepuka akaunti hiyo: mwenye ufadhili, kwa mfano wa DAAD, shirika la Ujerumani linalotoa ufadhili wa masomo, au mwenye jamaa anayeishi Ujerumani aliye tayari kutia saini mbele ya ofisi ya wageni kwamba atamgharamia. Huku kwetu wa namna hiyo ni wachache mno.

Waliobaki hufanya harambee. Nimewahi kukaa na familia ya mwanafunzi wangu wa zamani wakipiga hesabu. Shangazi mtu ndiye aliyeshika daftari, lenye safu tatu: jina, ahadi, na kilicholipwa. Muuza mboga mmoja aliahidi mia tano, akatuma mia mbili kwa M-Pesa, na wiki iliyofuata akamalizia mia tatu. Katika chama cha akina mama, aliyekuwa na zamu ya kupokea mwezi ule alikubali kusubiri ili zamu yake iende kwa kijana. Ng'ombe wa maziwa aliuzwa. Baba alichukua mkopo wa SACCO, wenzake wakamdhamini. Ndivyo milioni inavyopatikana katika nyumba ambayo haijawahi kuona milioni.

Sasa pesa hizo zinalala katika akaunti ya Ulaya huku mkopo wa SACCO ukikatwa kwenye mshahara kila mwisho wa mwezi, na visa haijulikani itatoka au haitatoka. Ikinyimwa, pesa hurudishwa, ila zikiwa zimepungua kwa ada za benki na kubadilisha euro kuwa shilingi. Na si pesa peke yake. Kijana anarudi kwa watu waliomchangia, na wapo watakaosema amekula mchango wao. Hilo linaniuma kuliko ada.

Wazazi wetu wameshaumia kwa kulipa mapema. Mwaka 2023 tuliwaona wakiandamana Eldoret, wakidai pesa walizolipa katika mpango wa Kaunti ya Uasin Gishu wa kuwapeleka wanafunzi Ufini na Kanada, na suala hilo likafika mahakamani. Najua utaratibu wa Ujerumani ni tofauti, tena ni halali. Lakini mzazi aliyeyaona yale akiambiwa atangulize milioni na nusu, moyo humwenda mbio, na ana haki.

Ombi langu, Mheshimiwa, ni kwamba uwaombe Wajerumani wabadilishe mpangilio. Wakague kwanza barua ya chuo, vyeti na lugha. Wakiridhika, wampe mwombaji jibu la awali kwamba visa itatolewa akikamilisha akaunti, kisha wampe muda maalumu wa kuikamilisha. Euro 11,904 hazitapungua hata senti moja, na Ujerumani haitapoteza chochote. Harambee nayo itakuwa nyepesi kuitisha, maana watu watachanga wakijua wanamchangia mtu anayesafiri.

Kuna jingine, na hili ni jipya. Zamani aliyenyimwa visa aliweza kuuandikia ubalozi uleule bila malipo, akafafanua, akaongeza nyaraka, na ombi likaangaliwa tena. Tangu tarehe 1 Julai 2025 Ujerumani imefuta nafasi hiyo duniani kote. Sasa aliyenyimwa ataomba upya na kulipa tena euro 75, au ataishtaki Ujerumani katika Mahakama ya Utawala ya Berlin. Kijana wa Webuye, ambaye hata nauli ya Nairobi ameazima, atafikaje mahakamani Berlin? Wenyewe wanaeleza kwamba hatua hiyo inawapa maafisa nafasi ya kushughulikia maombi mengi zaidi. Sawa, foleni ni ndefu. Lakini karatasi moja iliyokosekana isimfungie mtu mwaka mzima. Kama hawawezi kuurudisha utaratibu wa zamani, basi waafiki angalau kumpigia mwombaji simu au kumwandikia kuhusu nyaraka iliyopungua kabla ya kumkatalia.

Vyuo vingi vya Ujerumani hufunga maombi ya muhula wa Oktoba tarehe 15 Julai, na barua za kukubaliwa huja wiki chache tu kabla ya masomo kuanza. Mazungumzo yakifanyika mapema, kundi lijalo litanufaika. Mkihitaji ushahidi wa jinsi pesa hizi zinavyokusanywa, niko tayari kuja Nairobi pamoja na wazazi, na daftari zao tutazibeba.

Wako mwaminifu,
Mwalimu, Kaunti ya Bungoma