Barua kwa Zuhura, kuhusu mhadhara wa Wapuritani

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi. Mama anaendeleaje na mguu? Sisi hatujambo. Mussa amenifikishia rasimu ya mhadhara wako, na kwa kuwa siku imekaribia nakuandikia mbio mbio.

Kwanza, tenganisha makundi mawili ya hawa Wapuritani, Waprotestanti wa Uingereza waliohamia Amerika. Meli ya Mayflower ilileta abiria 102 Plymouth, Amerika, mwaka 1620. Viongozi wao walikuwa wamejitenga kabisa na Kanisa la Uingereza, na karibu nusu ya abiria walikufa kabla majira ya baridi hayajaisha. Kundi la John Winthrop, lililoanzisha Boston mwaka 1630, halikujitenga. Lilitaka kanisa lile lile litakaswe. Ukiwachanganya hawa, hoja zako zote zinayumba.

Sasa hayo mahubiri ya Winthrop kwa kundi lake, ya mwaka 1630. Ukurasa ule uandike upya, tafadhali. Unasema yalitangaza kuzaliwa kwa taifa teule. Winthrop hakuwa mchungaji. Alikuwa mwanasheria na gavana, na sehemu kubwa ya maneno yake ilihusu kutoa, kukopesha na kusamehe madeni, tajiri na maskini wahitajiane. Mji juu ya mlima, ule wa Mathayo 5:14, unatokea mwishoni, nao ni onyo: watu wote wanatutazama, tukivunja agano na Mungu tutakuwa kichekesho cha dunia. Tena hayakuchapishwa mpaka 1838! Waasisi wa Marekani wa 1776 hawakuyasoma kitabuni. Ni Kennedy, rais mteule wa Marekani Januari 1961, aliyeyapandisha jukwaani, kisha Rais Reagan akauongezea mji ule mng'ao. Onyo likaachwa njiani, na hilo ndilo linaloniuma.

Ukitaka urithi unaoshikika, chukua sheria ya 1647 ya Massachusetts, koloni lao. Mji wenye familia 50 ulilazimika kuweka mwalimu wa kusoma na kuandika. Ukifikisha 100, ufungue shule ya kuwaandaa vijana kwenda chuo, na Harvard ilikuwapo tangu 1636. Sababu imeandikwa humo humo: Shetani hutaka watu wasiyajue Maandiko.

Ila usiwasifie uhuru wa dini. Waliudai kwa ajili yao tu. Mchungaji Roger Williams walimfukuza, akaanzisha mji wa Providence mwaka 1636. Mary Dyer, Mkweka (muumini wa dhehebu la Quaker), walimnyonga Boston mwaka 1660. Hata Krismasi ilipigwa marufuku kuanzia 1659 hadi 1681, faini shilingi tano. Serikali kutoanzisha dini, kama katiba ya Marekani ilivyokuja kusema mwaka 1791, kuko karibu zaidi na Williams kuliko na waliomfukuza.

Nakurudisha kwa Winthrop: soma aya ile mpaka mwisho mbele ya wasikilizaji, usiishie kwenye mlima.

Je, umepewa dakika ngapi? Utagusia Salem, wale 19 walionyongwa 1692 kwa tuhuma za uchawi, au unaiacha? Mwalimu Kassimu atakuwapo? Na rasimu ya pili naipata lini?

Wako,
Neema