Namba ya spea haiishii pale ulipochoka kuisoma

Nauza spea za elektroniki. Wiki iliyopita fundi mmoja alinitupia transista mezani mbele ya wateja, akasema namlangua. Dukani kwa jirani kapata ya plastiki kwa bei ya pipi. Yangu ni ya kikopo cha chuma, JANTX2N2222A, na bei yake kweli inauma. "Si 2N2222 ile ile, kaka?"

Si ile ile. 2N2222 isiyo na herufi mwishoni inavumilia volti 30 kati ya kolekta na emita, miguu miwili kati ya mitatu yake. Yenye A inafika 40. Redio yake ni ya kijeshi, ya zamani, imefungwa kwenye lori la betri za volti 24, na injini ikiwaka alternata inapandisha hadi 28. Hapo 30 inakuachia nini? Halafu kuna kichwa cha namba. JAN ni alama ya jeshi la Marekani, TX inasema imepita majaribio ya ziada, ukiona TXV basi ilikaguliwa pia ndani kwa macho kabla ya kikopo kuzibwa. JANS ni ya satelaiti, hiyo siweki dukani. Majaribio hayo ndiyo yaliyopandisha bei, si tamaa yangu.

Akaondoka kwa hasira, akanunua ya plastiki. Ilikuwa P2N2222A. Ukiielekeza upande bapa kwako, miguu ikiwa chini, mguu wa kushoto ni kolekta. PN2222A, bila ile 2 katikati, kushoto ni emita. Yeye aliifunga kwa mazoea. Siku mbili baadaye bodi ilikuwa juu ya meza yangu, transista nyingine mbili zimeungua nayo, na ufundi wa siku nzima hauwi bei ya pipi.

Sisemi kila mtu anunue ya kijeshi. Chukua 741, chipu ya kukuza mawimbi: LM741C imepimwa kwa nyuzi 0 hadi 70, LM741 bila C ni -55 hadi 125. Kwa redio ya sebuleni chukua C, nami nitakuuzia bila maneno. Ila kuna jenereta moja, paneli yake ya bati inapigwa na jua na joto la injini, iliniletea kazi mara tatu kabla mwenyewe hajakubali kuachana na hiyo C.

Mwingine alinitumia M38510/10101BGA akitaka nimwekee mashine ya kulehemu chipu za vidonge, zile zenye vitone vya risasi chini badala ya miguu, maana nazo huitwa BGA. Ni 741 tu! B ni daraja, G ni kikopo cha miguu 8, A ni miguu iliyochovywa kwenye risasi ya kulehemu. Ingekuwa C badala ya hiyo A, ni dhahabu.

Kwa hiyo msinitajie namba kwa simu. Pigeni picha maandishi yote, hata tarakimu 4 za chini: 8734 ni wiki ya 34 ya mwaka 1987. Na ukiniletea uliyonunua kwingine, naifuta kwanza kwa asetoni mbele yako. Maandishi yakitoka na kitambaa, huenda ni feki iliyoandikwa upya, siifungi.