Mtu akikujibu OK, amekujibu nini?

Ndugu Mhariri,

Nimesoma gazeti hili kwa miaka 19 na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu asili ya neno OK imenishinda kuinyamazia. Mlieleza kwamba neno hilo lilizaliwa vitani huko Marekani: kikosi kikirudi kambini salama, ubaoni huandikwa sifuri na herufi K ya neno la Kiingereza "killed", kwa maana ya kwamba hakuna aliyeuawa. Hadithi hiyo imezunguka sana kwenye simu zetu, na inapendeza kusimulia, lakini si ya kweli. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilianza 1861. OK ilikuwa imekwisha kuchapishwa gazetini miaka 22 kabla ya hapo.

Ilichapishwa tarehe 23 Machi 1839 katika gazeti la Boston Morning Post. Siku zile waandishi wa Boston walikuwa na mchezo wa kufupisha maneno, na kabla ya kuyafupisha wanayakosea tahajia kwa makusudi. "All correct", yaani yote ni sahihi, wakaiandika "oll korrect", kisha wakabakiza O na K. "All right" nayo ikawa "oll wright", O.W. Vifupisho vingi vya mchezo ule vimekufa. OK ilipona kwa sababu mwaka uliofuata, 1840, Rais Martin Van Buren aligombea kurudi madarakani. Alikuwa mzaliwa wa Kinderhook katika jimbo la New York, wafuasi wake wakamwita Old Kinderhook, Mzee wa Kinderhook, na mjini New York wakaanzisha klabu yao ya OK. Wapinzani nao wakavumisha kwamba Andrew Jackson, rais aliyemtangulia, hakujua tahajia na ndiye mwenye kosa hilo. Van Buren akashindwa uchaguzi, neno likabaki midomoni mwa watu. Aliyeyachimbua haya yote kwenye magazeti ya zamani ni Profesa Allen Walker Read wa Chuo Kikuu cha Columbia, akayachapisha 1963 na 1964. Ushahidi una miaka zaidi ya sitini, ninyi mnatuletea ubao wa askari.

Asili tu isingenitoa jasho. Kilichoniudhi zaidi ni sentensi yenu ya mwisho, mliposema OK ni neno lenye faida kwa kuwa "linaeleweka na kila mtu". Linaeleweka na nani, Mhariri?

Mwezi wa tatu mwaka huu nilikuwa nampeleka mama yangu, ana miaka 81, atolewe mtoto wa jicho. Hospitali ilitupa namba ya simu ya kuulizia. Nikaandika ujumbe kwa adabu zote: daktari wa macho atakuwepo Alhamisi, tumlete mama, au tusubiri hadi mtuite? Nikajibiwa "OK". Nilisoma mara mbili, nikaona ni ruhusa. Alhamisi saa kumi alfajiri tukakodi Noah kutoka Lushoto, tukateremka zile kona hadi Mombo, mama akitapika njia nzima, tukapanda basi, tukafika mapokezi saa nne kasoro. Daktari hayupo, yuko semina hadi wiki inayofuata. Nikamwonyesha dada wa mapokezi simu yangu. Akasoma, akaniambia bila ubaya wowote, "Mzee, hii OK ni kwamba ujumbe wako tuliupata." Mama alikuwa ameshika mkono wangu, haoni vizuri, akaniuliza, "Mwanangu, kwani walikwambia nini hasa?" Sikuwa na la kumjibu. Nauli ya kwenda na kurudi, chakula, siku nzima ya mgonjwa kukaa kwenye benchi, vyote vimekwenda kwa herufi mbili ambazo mimi nilizisoma kuwa njooni na aliyeziandika alikusudia nimeona.

Nilifanya kazi ya ukarani masijala kwa miaka 31, kwa hiyo jambo hili nalijua kwa ndani. Barua ikiingia tuliigonga muhuri IMEPOKELEWA pamoja na tarehe. Ikipanda kwa mkubwa ndani ya jalada, aliandika kwenye dokezo: nimekubali, au sikubali, au tuonane. Ukilishika jalada unajua la kufanya. Kisha wakaja wakubwa wa kuandika OK pembeni. Tukawa tunakaa na jalada mezani: bwana huyu amesoma tu, au ameidhinisha malipo? Mtu wa Kiingereza mwenyewe ana OK ya kukubali, OK ya kupokea habari, OK ya kusema sijaumia, OK ya kusema chakula kilikuwa cha wastani, na OK ya kufunga mazungumzo aliyoyachoka, nazo huzitofautisha kwa sauti. Sauti haipo kwenye karatasi wala kwenye simu ya maandishi. Sisi Kiswahili chetu kimetupa naam, ndiyo, haya, sawa, vyema, nimeafiki, nimepokea, kila moja na kazi yake. Tumeyaweka kando yote, tumechukua mzaha wa waandishi wa Boston kuendeshea hospitali.

Na hapohapo niwaambie kuhusu "changamoto", maana nalo ni donda lilelile na gazeti lenu limo. Dawa zimeibwa, ni changamoto. Daraja limebomoka, changamoto. Mtoto amekaa miaka miwili shuleni bila dawati, mnatuandikia kwamba sekta ina changamoto. Wizi ni wizi. Mtu akikosa dawa, andikeni amekosa dawa.

Ninachopendekeza hakihitaji bajeti. Kila ofisi inayojibu wananchi kwa simu iandae majibu matatu na kuyabandika ukutani mbele ya anayejibu: NIMEPOKEA, NJOO TAREHE FULANI, USIJE MPAKA UITWE. Atakayejibu achague moja na kuandika jina lake chini. Majalada nayo yarudishiwe mihuri ya zamani. Wa kwangu wa IMEPOKELEWA niliuacha kwenye droo ya pili, na nina hakika bado unaandika.

Mama amepangiwa tena mwezi ujao. Safari hii nimepiga simu mwenyewe na kumwomba dada yule aitamke tarehe mara mbili. Kwenu ninyi naomba masahihisho ya ile habari ya ubao wa askari, yatoke ukurasa uleule na kwa herufi za ukubwa uleule.

Karani mstaafu,
Lushoto, Tanga