Risala ya Umoja wa Wanafunzi wa Kwanza Kufika Chuo Kikuu katika Familia Zao

Mheshimiwa mgeni rasmi, uongozi wa chuo, wahadhiri, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Umoja huu ni wa wanafunzi ambao baba na mama zao hawakupata shahada.

Mheshimiwa mgeni rasmi, wanafunzi hawa walifaulu mitihani ileile waliyofaulu wenzao. Wanachokosa ni mtu wa nyumbani wa kumuuliza yale yasiyofundishwa darasani: kwamba mhadhiri ana saa za kuonana na wanafunzi, na kumgongea mlango si utovu wa adabu, kwamba ukiacha kozi fulani mwaka wa kwanza, nyingine ya mwaka wa pili huwezi kuisajili, kwamba kuna siku ya mwisho ya kujitoa kwenye kozi bila kuandikiwa kufeli. Siku hiyo ikimpita mtu kwa kutojua, hakuna bidii itakayoirudisha.

Katika miaka ya 1970, mwanahisabati Uri Treisman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichunguza kwa nini wanafunzi wengi Weusi walikuwa wakishindwa somo la hisabati liitwalo kalkulasi. Wahadhiri walidhani hawajitumi. Yeye aliwakuta wakisoma kwa bidii, ila kila mmoja peke yake, ilhali wenzao wenye asili ya Kichina walikutana na kusahihishana kazi. Hakuwaanzishia masomo ya kurudia mambo ya msingi. Aliwaweka kwenye vikundi, akawapa maswali magumu kuliko ya kawaida, na matokeo yao yakapanda sana. Sisi tunaamini upweke huohuo ndio unaowaangusha wengi wetu.

Kwa hiyo umoja wetu una mpango wa ulezi: mlezi mmoja, yaani mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu, hupewa wanafunzi wapya wanne wa programu yake mwenyewe. Wanne, ili mlezi akiugua au akibanwa na mitihani wabaki wakishikana wao kwa wao. Hukutana kila wiki kwa wiki sita za mwanzo, kisha kila baada ya wiki mbili. Wiki ya pili kila mmoja huja na muhtasari wa kila kozi, na wote huhamishia tarehe za majaribio na uzito wa alama kwenye karatasi moja. Hapo ndipo mtu anapogundua kwamba majaribio matatu yameangukia wiki moja, na bado ana muda wa kujipanga. Wiki ya tatu mlezi huongozana nao hadi kwa mhadhiri. Kila mmoja hushika swali aliloliandika: “Nimefika hatua hii, sielewi tumepataje inayofuata.” Ukimwambia tu nenda kamwone, haendi.

Walezi nao hukosea. Anayeuliza “unaendeleaje?” hujibiwa “salama”, hata mambo yakiwa mabaya. Tunawafundisha kuuliza: jaribio la kwanza ulipata ngapi, na swali lipi lilikushinda? Wanafunzwa pia kutomwandikia mwanafunzi kazi zake, kutokopeshana fedha, na kutoahidi siri pale maisha ya mtu yanapokuwa hatarini. Hapo humpeleka wenyewe kwa mshauri nasaha, siku hiyohiyo. Vikao huwa mchana, kwa sababu vikiwa usiku huwaacha nje wanaoishi mbali na wanaofanya kazi, nao ndio wanaovihitaji zaidi.

Wazazi wetu si kikwazo, na tunaumia tunaposikia wakiitwa hivyo. Mzazi anayemwita mwanawe nyumbani wiki ya mitihani mara nyingi hakuambiwa kwamba ni wiki ya mitihani.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba mambo manne. Fomu ya usajili iwe na swali la hiari kuhusu elimu ya wazazi, tuwapate wanafunzi kabla muhula haujaanza. Kalenda ya masomo itumwe kwa wazazi kwa lugha wanayoisoma. Tupewe chumba kimoja cha kudumu. La nne ndilo zito kuliko yote: mratibu aliyeajiriwa na chuo. Walezi huhitimu na kuondoka, na kila wanapoondoka, orodha, mafunzo na mawasiliano na ofisi huanza upya.

Tunaomba kuwasilisha.